Mguu wa Lodi Lofa

Jamani, miye ugomvi sitaki. Lakini jana pale Jaws Corner, barazani kwetu Mji Mkongwe, Unguja, wamenianza wenyewe, kahawa hata haijapoa. Katajwa marehemu Philip Ndunguru, yule mchoraji wa katuni wa gazeti la Sani, basi kila mwenye ndevu nyeupe kageuka shabiki wake wa tangu na tangu. Wakaanza na watu wa katuni zake: huyu anamlilia Kipepe, yule anamsimulia Ndumilakuwili, na jirani yangu kapanda juu ya baraza kutuonesha Lodi Lofa anavyotembea, msuli unamvuka!

Nikawauliza: nani kati yenu alinunua Sani hata moja?

Kimya. Hata dhumna ziliacha kulia.

Yakinunuliwa na miye! Gazeti linavuka maji kutoka Dar, pesa yangu ya mandazi ya skuli inaishia hapo, nashinda na njaa nacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Maana yule kijana alikuwa na mkono, jamani. Vistari vitatu tu, ushajua huyu mtu anadaiwa, tena anayemdai yupo nyuma ya mlango. Kabla sijafika ukurasa wa pili, wanakuja hao: "Hebu n'azime, nakurejeshea sasa hivi." Sasa hivi ya hapa kwetu mnaijua. Likirudi halina jalada, lina bizari.

Mwaka 1986 akafariki, kijana mbichi. Wenziwe wakaendelea kuwachora wale wale, na hodari, sikatai. Lakini miye ya kwake niliyatia sandukuni, sanduku chini ya kitanda, na kufuli juu.

Sasa sikilizeni. Katikati ya mabishano kapita muuza njugu. Nikachukua koni moja, kuikunjua, mguu! Mguu wa Lodi Lofa, namjua kwa mwendo. Na pembeni yake mwandiko wangu wa skuli: HALIAZIMWI.

"Weye, karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Kwa mkeo, mzee. Kaniuzia kwa kilo. Kasema zinaweka mende."

Lahaula! Nikanunua njugu zote. Koni 31. Nikakaa chini kukunjua moja moja, na njugu nazitafuna, maana pesa ishatoka, nizitupe? Wenzangu wakanizunguka, kila mmoja anachota, hakuna anayechanga. Nikapata mguu wa pili. Nikapata kiwiliwili. Nikapata na mkono umeshika kitu, sijui nini, kimelowa mafuta. Uso hapana.

"Uso wake uko wapi?"

"Uso nilishamuuzia yule pale."

Nageuka, namuona jirani yangu. Kashamaliza njugu zake, kakaa barazani anamlilia marehemu kwa kwikwi, na machozi anajipangusia uso wa Lodi Lofa.