Upepo wa Loiyangalani, stima ya Nairobi

Kila nikisikia mtu anasema nishati mbadala inainua uchumi wa mahali, nauliza, mahali gani? Manake pale Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, kuna mapanga 365 ya upepo, yaani mitambo inayogeuza upepo kuwa stima, yote pamoja yana uwezo wa megawati 310, na stima ikizalishwa tu inapanda laini ya kilomita 428 mpaka kituo cha umeme cha Suswa, magharibi ya Nairobi, ikaingie gridi ya taifa. Huko mbele inawasha viwanda na maofisi. Manyatta nyingi zilizo karibu na hayo mapanga, giza likiingia ni tochi.

Siupondi mradi, jamani. Ila kilichobadilisha biashara ya kule zaidi kwa maoni yangu si upepo, ni barabara. Ili matrela yafikishe zile mbawa ilibidi njia ya Laisamis mpaka Sarima, yalipo mapanga, itengenezwe upya, kama kilomita 208, na wala si lami, ni changarawe tu, lakini kwa mtu wa samaki hiyo ni kama umempa duka jipya, kwa sababu samaki wa Ziwa Turkana ukichelewa naye njiani umeshapata hasara. Ndo maana tangu zamani wanamkausha juani au wanamtia chumvi. Sasa gari linafika haraka, sawa, barafu iko wapi? Barafu inataka stima, na stima imeshapita kwenda Suswa.

Linganisha na Naivasha. Pale Olkaria, karibu na Naivasha, wanazalisha stima kwa mvuke wa ardhini tangu 1981, na shamba la maua la Oserian likapeleka joto la mvuke huo moja kwa moja kwenye grinhausi, usiku unyevu unapungua, ukungu haushambulii maua, dawa zinatumika kidogo. Yaani nishati imetumika hapohapo ilipotoka ikazaa kazi hapohapo. (Wamaasai waliohamishwa Olkaria wana yao ya kusema na wana haki, ila hiyo ni makala nyingine.)

Halafu kuna sheria. Sheria ya nishati ya 2019 imegawa mrabaha wa mvuke, yaani malipo ya kuutumia, asilimia 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya pale, zinazobaki ni za serikali kuu. Upepo haukuwekewa mgao kama huo, kwani upepo hauna kwao? Na ile ardhi yenyewe ekari 150,000, mwaka 2021 mahakama ya Meru ilisema hati zake zilipatikana bila kufuata utaratibu, kwa hiyo wafugaji wa pale hata hawakuanza wakiwa na kiti mezani.

Mainjinia wataniambia laini ya kilovolti 400 huwezi kuishusha kijijini hivihivi kama unavuta waya wa jirani, unahitaji kituo cha kupozea umeme na pesa nyingi, na watu wenyewe wametawanyika na wanahamahama. Sawa, sikatai. Lakini Loiyangalani mjini hakuhami, na ziwa nalo halihami.

Mimi ningeomba panga moja. Moja tu kati ya 365, hilo lina kilowati 850, stima yake ibaki ziwani iendeshe mtambo wa barafu na chumba baridi cha samaki, na ikibaki wapewe vijana wa kuchomelea vyuma.