Pesa za ubalozi wa bidhaa vyuoni Marekani: ushindani umepanuka au umefungwa?

Mwaka 1978 Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State University, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hakuruhusiwa kuuza jina lake hata kwenye tangazo la soksi. Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyekuwa akikusanya mataji ya vyuo kwa El Paso, Texas, na kutwaa nishani ya fedha Moscow 1980, alibanwa na kanuni hiyo hiyo. Chuo kilitoa ada, chumba na chakula, basi.

Marufuku hiyo ilianguka tarehe 1 Julai 2021. California ilikuwa imeshatunga sheria yake mwaka 2019 na majimbo mengine yakafuata. Siku kumi kabla ya tarehe hiyo, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Alston kwa kura 9 kwa 0. Kesi yenyewe ilihusu marupurupu ya kimasomo, si matangazo, lakini ilionyesha kwamba NCAA haina kinga dhidi ya sheria za ushindani wa biashara. Chama kikasoma alama za nyakati. Tangu hapo mwanamichezo wa chuo anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, haki inayofupishwa NIL (name, image, likeness).

Wanaoitetea haki hii wana hoja nzito, na nzito kuliko zote inatoka kwa wanawake. Mcheza kikapu Caitlin Clark alipoingia ligi ya kulipwa mwaka 2024, mshahara wake wa kwanza ulikuwa dola 76,535 kwa mwaka. Akiwa bado chuo cha Iowa alishakuwa sura ya matangazo ya televisheni ya taifa zima. Mwanajimnastiki Olivia Dunne wa chuo cha LSU, Louisiana, hakuwa na hata ligi ya kulipwa iliyomsubiri. Soko lake lilikuwa pale pale chuoni. Kumwambia mwanamichezo wa aina hiyo asubiri amalize masomo ndipo auze jina lake ni kumwambia auze embe baada ya msimu.

Tatizo linaanza pale mambo mawili yanapopewa jina moja. Ubalozi wa kweli unaeleweka: kampuni ina bidhaa, mchezaji ana wafuasi, bei inatokana na soko. Lakini miezi michache tu baada ya Julai 2021 matajiri wanaoshabikia vyuo walianza kuunda vikundi vya kuchangishana. Kikundi humlipa mchezaji kila mwezi, naye husaini fulana kadhaa na kuweka picha mbili mtandaoni. Thamani ya kazi haina uhusiano na kiasi kinacholipwa. Huo ni mshahara wa usajili uliovalishwa kanzu ya tangazo.

Mshahara huo ulikutana na mabadiliko mengine. Hadi 2021 mchezaji wa mpira wa Kimarekani au kikapu aliyehama chuo kwa kawaida alikaa benchi mwaka mzima. Mwaka huo akaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu, na mwaka 2024 mara nyingi atakavyo, mradi masomo yake yako sawa. Matokeo yake karibu kila mchezaji yuko sokoni kila mwisho wa msimu. Katika soka klabu ndogo inayolea kipaji hulipwa ada ya uhamisho. Chuo kidogo hakipati hata senti.

Angalia mpira wa kikapu wa wanaume. Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey, kilifika robo fainali ya taifa mwaka 2022. Kocha akaondoka, na nguzo za kikosi zikatawanyika. Florida Atlantic ilifika nusu fainali mwaka 2023. Mwaka uliofuata kocha Dusty May alihamia Michigan, na mchezaji wake mrefu wa kati, Vladislav Goldin, akamfuata. Machi 2025 timu zote 16 bora zilitoka katika mashirikisho manne makubwa: SEC 7, Big Ten 4, Big 12 4, ACC 1. Hakuna hata chuo kidogo kimoja kilichopenya. Mashindano haya yalijengewa jina na vyuo vidogo vinavyoangusha vigogo, kwa hiyo hiyo si hasara ndogo.

Lakini ukihamia mpira wa Kimarekani picha inageuka. Kabla ya 2021 vipaji vilikuwa vimerundikana kwa vigogo wachache, na kijana wa akiba Alabama alikubali kusubiri zamu miaka miwili. Sasa hasubiri, kwa sababu kuna chuo kitakachomlipa na kumpanga kikosi cha kwanza. Oktoba 2024 Vanderbilt, kibonde wa miaka mingi, iliifunga Alabama 40 kwa 35 ikiongozwa na Diego Pavia, aliyehamia kutoka New Mexico State. Msimu huo huo Indiana ilimaliza ratiba ya kawaida kwa ushindi 11 na kipigo kimoja, ikaingia hatua ya mtoano wa taifa. Wakati huo huo bingwa alikuwa Ohio State, ambayo mkurugenzi wake wa michezo alisema kikosi kiligharimu takriban dola milioni 20. Kwa maoni yangu wanaosema ushindani umepanuka na wanaosema umefungwa wote wana haki, ila kila mmoja anatazama ngazi yake: ushindani umepanuka baina ya vyuo vyenye pesa, na mlango wa vyuo visivyo na pesa umefungwa zaidi.

Kinachoharibika mara nyingi ni mkataba. Ahadi inatolewa kwa mdomo na msaidizi wa kocha, mlipaji ni kikundi cha nje, na chuo hakina saini popote. Septemba 2024 mchezaji wa mpira wa Kimarekani Matthew Sluka aliondoka chuo cha UNLV, Las Vegas, baada ya mechi tatu, zote za ushindi. Upande wake ulidai aliahidiwa dola 100,000 ambazo hazikulipwa, chuo kikapinga maelezo hayo. Mwenye makosa akiwa yeyote, karatasi moja yenye kiasi, tarehe ya malipo na jina la mlipaji ingemaliza mzozo.

Suluhu ya kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA, iliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken tarehe 6 Juni 2025 ilijaribu kuweka mambo hadharani. Wanamichezo wa zamani watalipwa takriban dola bilioni 2.8 kwa miaka 10. Chuo sasa kinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, ukomo ukiwa takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Mkataba wa nje unaofikia dola 600 lazima utangazwe ndani ya siku tano za kazi kwenye mfumo wa NIL Go, ambako hupimwa mambo mawili: je, kuna biashara halali, na je, malipo yanalingana na soko? Kipimo cha pili ndicho dhaifu. Tajiri anayeuza magari akisema picha ya mchezaji kwake ina thamani hiyo, nani atathibitisha vinginevyo? Na Julai 2025, baada ya shinikizo la mawakili, hata vile vikundi vya wafadhili vilikubaliwa kupimwa kama biashara nyingine yoyote.

Mgawo uliozoeleka ni asilimia 75 mpira wa Kimarekani, 15 kikapu cha wanaume, 5 kikapu cha wanawake, na 5 michezo mingine yote. Ukipiga hesabu kwa milioni 20.5, riadha, kuogelea, tenisi na wenzao wanagombania takriban milioni moja. Cal Poly ilifuta kuogelea Machi 2025. Washington State, chuo kile kile cha Rono, ilitangaza Juni 2025 kwamba inaondoa mitupo na miruko na kubaki hasa na mbio ndefu.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia, kwa namna isiyozungumzwa sana. Mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida anakaa Marekani kwa viza ya F-1, inayomruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kupiga picha za tangazo mjini ni kazi, na kazi isiyoruhusiwa inaweza kumfutia viza. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo mwaka 2022. Akafanya shughuli zake za matangazo Bahamas Agosti mwaka huo, Kentucky ilipokwenda huko kwa mechi za kirafiki. Mkimbiaji anayerudi Iten likizoni anaweza kufuata njia hiyo: mkataba usainiwe, picha zipigwe na video zirekodiwe nyumbani. Akirudi chuoni na kuanza kurusha matangazo kutoka bwenini, amerudi kwenye eneo la hatari. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni na mwanasheria wa uhamiaji waone mkataba kabla ya saini. Na kodi isisahaulike: mrabaha unaotoka Marekani kwa mgeni asiye mkazi hukatwa asilimia 30, kwani Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na nchi hiyo wa kuipunguza.

Kwa kocha wa mbio za nyika hesabu imebadilika pia. Katika vyuo vilivyojiunga na suluhu, kikosi kina ukomo wa wakimbiaji 17, lakini ukomo wa ufadhili umeondolewa. Awali wanaume wa riadha na nyika kwa pamoja waligawana ufadhili kamili wa masomo 12.6. Sasa kocha anaweza kuwapa wote 17 ufadhili kamili. Doris Lemngole wa Alabama, aliyekimbia viunzi na maji kwa 8:58.15 Juni 2025, anaonyesha Mkenya mmoja anaweza kukipa chuo nini. Na kwa kuwa viza inamfanya mkimbiaji wa namna hiyo kuwa mgumu kulipwa taslimu, kocha mwenye bajeti finyu atampenda zaidi: pointi nyingi kwa gharama ya ada na chakula, karibu kama mwaka 1978.