Mi sini ya bastola ndo inanikera, sio yale mabusu

Nimeirudia tena ile katuni ya Pepé Le Pew, For Scent-imental Reasons, ya 1949, kazi ya Chuck Jones pale Warner Bros, ilibeba na Oscar ya katuni fupi. Kwa ambao hamjaiona: Pepé ni kicheche ananuka balaa ila anajiona ndo mtanashati wa Paris nzima. Kaingia duka la manukato anajipulizia bure, mwenye duka kamrushia paka jike ili amtoe, paka wa watu kajigonga hukohuko, rangi nyeupe ya nywele ikammwagikia mgongoni, akabaki na mstari kama kicheche. Pepé kuuona ule mstari tu, kwisha habari yake.

Sasa watu wakimsema Pepé, na 2021 alisemwa kwelikweli, wanakomalia mabusu na kukumbatia kwa nguvu. Sawa, yapo, na paka hana hata neno moja la kusema, kazi yake kujinasua tu huku Mel Blanc, anayemwigizia Pepé sauti, anaporomosha Kifaransa chake cha kuungaunga. Ila mi kinachonikera ni pale kwenye kabati la kioo. Paka kajifungia ndani, anamwonyesha kwa ishara kaka unanuka, jamaa badala ya kuelewa anatoa bastola, anajiwekea kichwani, anasogea pembeni tusimwone, mara mlio paa! Paka wa watu anatoka mbio kwa huruma, kumbe mzima, anamdaka anamwambia bahati yako nimekosa shabaha. Hiyo sio mahaba jamani, hiyo ni ileile ya "usiponikubali nakunywa sumu", na madada wangapi washaolewa kwa kuogopa lawama za hivyo.

Pamoja na yote siifuti, maana mwisho wake mtamu sana. Paka kaanguka kwenye pipa la maji, mstari umetoka, mafua yamembana pua imeziba. Pepé kaangukia rangi ya bluu. Paka kumwona na ubluu ule, harufu haisikii, kafa kaoza! Anafunga mlango, anamfuata kwa mwendo uleule wa kurukaruka wa madaha aliokuwa anafuatwa nao, na mzee mzima wa mahaba anatimua mbio kama kaona simba. Hapo ndo unajua jamaa hakuwahi kumpenda mtu, alikuwa anapenda kukimbiza tu. (Eti prodyuza wao Eddie Selzer, kwa simulizi za Jones, hakuona cha kuchekesha kwa huyu kicheche, ila Oscar ilipokuja akaenda kuipokea yeye, wakubwa bwana.)

Shida mitandaoni watu wanakata klipu ya katikati wanaipamba na vikopakopa, ule mwisho hawauweki. Ukitumiwa hiyo na mtu anayekutongoza, mwambie akutumie dakika ya mwisho nayo.