Masikio ya Mzee Hayaingii Kwenye Fomu

Ijumaa ya wiki juzi tulimuaga mzee wetu wa mitambo, katika kiwanda cha minofu ya sangara ninakofanya kazi hapa Mwanza. Soda, keki, saa ya ukutani. Kisha akapewa fomu ya kurasa nne, "Makabidhiano ya Maarifa", aijaze kabla ya saa kumi.

Penye swali la namna anavyotambua kompresa, mashine inayokandamiza gesi ya kupoozea, ina hitilafu, mzee aliandika neno moja: "Nasikia."

Fomu ikarudishwa, eti haijakamilika. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, maana lile ndilo jibu lenyewe. Amonia, ndiyo gesi yenyewe ya kupoozea, ikirudi kwenye kompresa ingali majimaji, mlio hubadilika, na usipozima upesi valvu zinavunjika. Mzee aliusikia mlio huo akiwa getini anakunywa chai. Michael Polanyi, mkemia aliyegeukia falsafa, alisema mwaka 1966 kwamba tunajua mengi kuliko tunavyoweza kusema. Soko la samaki la Mwaloni pale, asubuhi watu wamejaa, unamwona ndugu yako kwa mbali. Umemjuaje? Huwezi kueleza, na bado hujakosea. Kiswahili chetu kina maarifa na kina ujuzi. Fomu iliuliza la kwanza, mzee kabeba la pili.

Watu wa semina watanitajia Nonaka na Takeuchi, wasomi wa Kijapani wa mambo ya uongozi wa makampuni, kwamba yaliyofichika kichwani hugeuzwa maandishi. Basi wausome mfano wao wenyewe wa mwaka 1995, wa mashine ya mikate ya kampuni ya Kijapani ya Matsushita. Mtaalamu wa programu hakumpelekea mwokaji wa hoteli ya Osaka fomu. Alikwenda kuwa mwanafunzi wake, akakanda naye unga mpaka akaona unavyovutwa na kusokotwa.

Haya, karatasi nazo zina kazi. Hatua za kufuata amonia ikivuja zibandikwe ukutani, kwa herufi kubwa.

Lakini kijana aliyerithi zamu kaanza Jumatatu, mzee keshaondoka! Fundi mitumbwi hamwachi mwanafunzi wake na daftari. Anakalafati naye, ubao kwa ubao, mpaka mkono wa kijana ukubali. Tarehe ya kustaafu tuliijua mwaka mzima.

Juzi saa nane usiku kijana alimpigia simu. "Shikamoo mzee, hebu sikiliza," akaisogeza simu kwenye kompresa.

"Marahaba. Zima."

Mlipeni arudi, jamani. Miezi sita tu, asimame na huyu kijana zamu kwa zamu.