Kijana aliyeahidi Louisiana akabaki nyumbani

Novemba 2024 Bryce Underwood alikuwa na miaka 17, anasoma sekondari ya Belleville, mji mdogo ulio kati ya Detroit na Ann Arbor. Hapa Michigan sidhani kama palikuwa na mtu anayefuatilia futiboli ya Kimarekani ambaye alikuwa hamjui. Januari ya mwaka huo kijana alikuwa ametangaza kwamba ataichezea LSU, chuo kikuu kilichoko Baton Rouge, Louisiana. Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoko Ann Arbor, ambacho kutoka kwao ni kama nusu saa tu kwa gari, kilikuwa kimeambulia patupu. Tarehe 21 Novemba akabadili gia angani: haendi tena Louisiana, anabaki nyumbani. Ann Arbor wakashangilia mpaka wakapaliwa. Baton Rouge wakamwita msaliti.

Mimi ni wa upande wa Ann Arbor, niliseme mapema lisije likageuka ushahidi dhidi yangu. Lakini matusi yale ya Louisiana na majigambo yetu ya huku vimenikera sawasawa. Mashabiki wa vyuo humbishania mtoto wa watu kana kwamba kuna siku alikopa kwao.

Kwa msomaji wa Dar au Mombasa ambaye mchezo huu haumhusu: futiboli ya Kimarekani ni ule wa mpira wenye umbo la yai na wachezaji wenye kofia ngumu. Ligi yake ya kulipwa, NFL, haina timu za vijana wala akademi. Vyuo vikuu ndivyo vinavyoiandalia wachezaji, na baadhi ya vyuo hivyo vina viwanja vikubwa kuliko vya ligi yenyewe. Uwanja wa Michigan unaingiza watu 107,601. Kwa hiyo kila mwaka vyuo hugombania wanafunzi wa sekondari, na zipo kampuni ambazo kazi yake ni kuwapima wanafunzi hao na kuwagawia nyota. Nyota tano hupewa vijana thelathini na kitu tu, nchi nzima. Kati ya waliomaliza sekondari 2025, Underwood aliwekwa namba moja.

Anayejua pilikapilika za usajili wa Simba na Yanga hahitaji maelezo zaidi. Tetesi za usiku wa manane, picha ya uwanja wa ndege, yule jamaa ambaye siku zote ana mtu wake wa ndani: vyote vipo, tena kwa wingi. Tofauti ni kwamba huku hakuna klabu inayomuuza mchezaji. Kijana anaweza kusema “nakuja” mwezi wa kwanza na neno hilo lisimfunge popote. Kinachofunga ni kumwaga wino, na wengi humwaga wino Desemba. Miezi yote ya katikati ni ya mashabiki kubishana.

Ninakonyoa nywele, Grand Rapids, kwa kinyozi mmoja Mkongo wa Bukavu, Oktoba ile kila Jumamosi ilikuwa Underwood, Underwood, Underwood. Kulikuwa na dereva mmoja wa malori, mtu wa Tanga, ana picha ya kijana kwenye simu. Anaikuza kwa vidole viwili mpaka inabaki vumbi la rangi, anataka tuone amesimama upande gani wa uwanja na anacheka na nani. Kinyozi akazima mashine, kichwa changu kimenyolewa nusu, akatoa hukumu yake kwa Kiswahili cha kwao: “Mutoto hawezi kuacha mama yake hapa, aende mbali vile. Atarudia hapa hapa.” Kijana mmoja Mkenya aliyekuwa akisubiri zamu hakukubali. “Mzee, mtoto wa namba moja hafuati mama,” alisema. “LSU imetoa Joe Burrow, imetoa Jayden Daniels, wote wakabeba Heisman. Sisi hata kuurusha mpira mwaka huu hatujui.” Heisman ndiyo tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo.

Nilikaa na kichwa changu cha nusu kwa muda wa kutosha kujiuliza nani ana hoja. Dereva alikuwa anapiga ramli. Kinyozi alikuwa anamsemea kijana moyo wake, jambo ambalo mashabiki hulifanya kwa raha sana. Yule Mkenya peke yake ndiye aliyegusa mpira, ila hesabu yake aliiachia njiani.

Michigan ilitwaa ubingwa wa taifa Januari 2024 kwa kuifunga Washington 34 kwa 13. Baada ya hapo kocha Jim Harbaugh akaenda zake NFL, na kwotabeki wake, J.J. McCarthy, akaenda NFL pia. Kwotabeki ndiye anayeushika mpira kila shambulizi linapoanza, na ukimkosa umekosa timu. Msimu uliofuata Michigan ilibadilisha makwotabeki watatu na hakuna aliyetosha. Baton Rouge nako kwotabeki Garrett Nussmeier alikuwa bado na mwaka mmoja mkononi, na baadaye kweli aliutumia. Sasa jiweke kwenye viatu vya Underwood, kwotabeki naye. Kule unaweza kukaa benchi mwaka mzima ukimtazama mwenzako. Huku kiti kitupu kinakusubiri, tena jirani na kwenu. Kwa hiyo Mkenya alikosea aliposema udhaifu wetu utamfukuza kijana. Udhaifu huo ndio uliokuwa tangazo letu bora la kazi.

Halafu kuna pesa, ambayo pale kinyozini ilitajwa kwa kunong’ona, kama ugonjwa wa jirani. Kwa miaka mingi mwanamichezo wa chuo hakuruhusiwa kupokea hata senti nje ya ada na malazi yake. Wakubwa walijua kwamba bahasha zinapita chini ya meza, na mara mojamoja walimtoa mtu kafara. Mwaka 1987 chuo cha SMU cha Dallas kilifutiwa msimu mzima kwa kuwalipa wachezaji. Julai 2021 mlango ukafunguliwa, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa kutumiwa majina na sura zao. Tangu Julai 2025, kufuatia makubaliano ya kesi iitwayo House, ya wanamichezo wa vyuo, yaliyoidhinishwa na jaji Claudia Wilken, vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wanamichezo wake pesa; kwa mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa dola milioni 20.5.

Kuhusu Underwood, magazeti yaliripoti kwamba dau lilipita dola milioni 10, na kwamba tajiri Larry Ellison wa kampuni ya Oracle alikuwa na mkono wake katika jambo hilo; mke wake alisoma Michigan. Kwa hiyo mashabiki wenzangu wanaosema kijana alirudi kwa mapenzi ya nyumbani, tupunguze sauti. Mapenzi huenda yalikuwepo. Yalikuja yamefuatana na Oracle.

Wapo wakongwe wanaolia kwamba pesa imeuharibu mchezo huu. Siwaelewi. Makocha wake walikuwa wanalipwa mamilioni zamani, televisheni ilikuwa inalipa mabilioni zamani, na hakuna aliyelia. Kilio kilianza siku mchezaji naye alipojaziwa mfuko. Kama kweli wanaona uchungu, wangeanza kulia mwaka 1987.

Turudi kwenye lile neno, usaliti. Niwape watu wa Baton Rouge haki yao kwanza. Chuo kinapopata neno la kwotabeki namba moja, makwotabeki wengine wa umri wake huenda kwingine, kwa sababu hakuna anayetaka kushindania kiti na mtu kama huyo. Ukiachwa Novemba, sokoni hakuna kilichobaki zaidi ya makombo. Hasara ipo. Ningekuwa wa kule ningenuna wiki nzima.

Lakini kununa ni kitu kimoja na kumtukana mtoto wa miaka 17 ni kingine, hasa ukiwa shabiki wa chuo hicho. Kocha aliyekuwa anamsubiri Underwood pale LSU, Brian Kelly, alifika Baton Rouge mwishoni mwa Novemba 2021 akitokea chuo cha Notre Dame. Timu aliyoiacha ilikuwa imepoteza mechi moja tu na bado ilikuwa na matumaini ya kuingia mchujo wa ubingwa. Wachezaji wake aliwaacha njiani. Baton Rouge hakuitwa msaliti, aliitwa kocha mkubwa. Oktoba 2025 LSU ikamtimua Kelly, na tarehe 30 Novemba ikamchukua kocha Lane Kiffin kutoka Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, timu yenye rekodi ya kushinda mechi 11 na kufungwa moja, siku chache kabla ya Ole Miss kuingia huohuo mchujo. Mara mbili mfululizo chuo kilekile kimemng’oa kocha mkuu wa watu msimu haujaisha, na mara zote mbili mashabiki wake walishangilia. Kwa mtu mzima mwenye mkataba wa mamilioni, kuvunja ahadi kunaitwa hatua ya kikazi. Kwa mwanafunzi ambaye hajasaini chochote, tunakwenda kutafuta maneno ya kwenye msahafu.

Wala si LSU peke yake. Nimewachukua kwa sababu mfano wao unaonekana bila miwani. Siku kijana fulani akituacha sisi Novemba, nawajua wenzangu watakachosema.

Tena mashabiki ni watabiri wabovu. Kuna ile sherehe ya kofia: kijana anakaa mezani, familia nyuma yake, mbele yake kofia za vyuo vitatu au vinne, kamera zinamsubiri avae ya chuo anachokichagua. Desemba 2021 Travis Hunter, namba moja wa mwaka wake, alikuwa ameiahidi Florida State kwa zaidi ya mwaka. Waliokuwa na hofu ya kumpoteza walihofia Georgia. Hunter akachagua Jackson State, chuo cha kihistoria cha watu weusi huko Mississippi, kinachocheza daraja la chini. Aliyekuwa kocha pale ni Deion Sanders, ambaye mwenyewe ni shujaa wa zamani wa hiyo hiyo Florida State. Wataalamu wa kusoma picha wakaumbuka kwa pamoja. Baadaye Hunter alimfuata Sanders hadi Colorado, na 2024 akabeba Heisman akicheza ulinzi na ushambuliaji. Nyota zake tano zilikuwa za kweli.

Za wengine je? Georgia ilibeba mataji mawili mfululizo, ya misimu ya 2021 na 2022, ikiongozwa na Stetson Bennett, mtu aliyeingia chuoni hapo bila hata ufadhili wa masomo. Fernando Mendoza, aliyeshinda Heisman ya 2025 akiwa Indiana, alipokuwa sekondari alikuwa tayari ameikubali Yale, maana vyuo vikubwa vya futiboli havikumtaka. Na sisi Watanzania tunaye Hasheem Thabeet wetu. Kwenye kikapu cha chuo, UConn, alikuwa ukuta, na mwaka 2009 NBA wakamchukua namba mbili. Stephen Curry alisubiri mpaka namba saba. Tulikesha tukibishana Thabeet atafika wapi. Hakuna aliyekesha kwa ajili ya Curry.

Ndiyo maana ubishi wa “atakuja, haji” naona tunaupa muda mwingi kuliko unavyostahili. Kijana akishakuja ndipo maswali yenye nyama yanapoanza: nani atamlinda pale mbele asivunjwe mbavu, nani atamfundisha, na akikosea mechi tatu mfululizo, je, wale walioshangilia siku ya kofia watakuwa wapi? Arch Manning, mtoto wa kaka yao Peyton na Eli Manning, makwotabeki maarufu wa zamani wa NFL, alipoichagua Texas Juni 2022 watu walitangaza mataji kabla hajafika. Alikaa benchi sehemu kubwa ya misimu miwili akimsubiri kwotabeki Quinn Ewers, na katika zama hizi ambapo mchezaji anahama akikohoa tu, uvumilivu huo haukupigiwa makofi ya kutosha. Msimu wa 2025 Texas ikaanza ikiwa namba moja nchini. Mechi ya kwanza ikafungwa na Ohio State 14 kwa 7, na mchujo wa ubingwa haikuuona. Waliokuwa wamemtawaza ndio waliokuwa wa kwanza kumvua taji.

Underwood naye aliwekwa uwanjani tangu mechi ya kwanza, wakaifunga New Mexico 34 kwa 17. Wiki iliyofuata wakapigwa na Oklahoma. Mwisho wa Novemba wakapigwa na Ohio State 27 kwa 9, kipigo ambacho hapa kwetu hakitajwi wakati wa kula. Alicheza kama kijana wa miaka 18: pasi moja ya kukutoa machozi ya furaha, inayofuata ya kukufanya uzime televisheni. Pale kinyozini zikaanza hesabu za kama alistahili zile milioni.

Desemba 10, 2025 Michigan ikamfukuza kazi Sherrone Moore, kocha aliyemshawishi abaki nyumbani. Kelly alikuwa ameshatimuliwa LSU wiki kadhaa kabla. Siku ya mwisho ya mwaka Michigan ikakutana na Texas ya Manning kwenye mechi ya Citrus Bowl, Orlando, ikafungwa. Makocha wakuu wawili waliokuwa wamemgombania Underwood mwaka mmoja kabla, hakuna hata mmoja aliyekuwa bado kwenye kiti chake. Aliyeingia uwanjani siku hiyo, akiwa na jezi ileile aliyoisainia, alikuwa ni yule msaliti.