Bata mzinga wa porini: tatizo sio kifaa, ni pale ulipokaa

Kila springi, yaani majira ya kuchipua, ikifika huku Marekani wawindaji wanaanza kubishana kifaa gani kinaita bata mzinga vizuri zaidi, kiboksi cha mbao, sahani ya sleti na kijiti chake, au kile kidude cha kuweka mdomoni. Jamani, kiboksi chenyewe Henry Gibson wa Arkansas alikipatia hataza mwaka 1897 na mpaka leo hakijabadilika sana, kinafanya kazi. Angalieni ardhi kwanza.

Springi unaigiza jike ili dume aje, ila kwao jike ndo humfuata dume, yeye anatanua mkia, analia, anasubiri. Yaani unamwomba afanye kinyume na mazoea yake, kwa hiyo akikutana na kisingizio chochote, kijito, fensi, kichaka kizito, anagoma hapohapo na kelele zake na wewe unabaki kuumwa na mbu.

Kwenye milima ya Appalachia mimi sikai bondeni nikamwita ashuke. Napanda mpaka niwe naye usawa mmoja au juu kidogo, maana kupanda huwa anakuja kirahisi kuliko kushuka. Halafu kule masikio yanadanganya, majani yakishachipua sauti inamezwa, unadhani yuko mbali sana kumbe yuko nyuma ya kilima kinachofuata, ukisogea tu ushamfukuza. Kabla ya jua kutoka naiga bundi, akishtuka akalia najua amelala mti gani, basi naenda polepole kutafuta pa kukaa.

Tambarare za Kansas na Texas ni habari nyingine. Upepo unavuma, hapo kiboksi ndo mwenyewe maana sauti yake inafika mbali, ila bata mzinga ana macho makali balaa, akiangalia inakotoka sauti asione jike anasimama hukohuko mbali. Wengi wanaweka jike la plastiki, sawa, lakini mimi naona mwinuko mdogo unashinda plastiki yoyote: kaa nyuma yake, ili akitokeza kichwa kukutafuta awe tayari mita 30 hivi, marisau ya bunduki yanafika. Hii ndo siri yote kwa maoni yangu, popote pale, na bado watu wanakaa katikati ya uwanja wanapiga yelp, ule mlio wa jike, masaa mawili.

Florida kwenye vinamasi, ita kidogo na kwa sauti ya chini, basi.

Kitu kimoja sibishani na mtu: ukiita vizuri unavuta na wawindaji wenzako, wakidhani we ni bata mzinga. Egemea mti mpana kuliko mabega yako, usivae nyekundu, nyeupe wala bluu maana ndo rangi za kichwa cha dume, na usinyemelee sauti yoyote. Ukiona mtu anakuja usimpungie mkono, mwite kwa sauti ajue we ni binadamu.