Deni Letu kwa Mbwa wa Toronto

Mama yangu alijidunga insulini, dawa ya kisukari, asubuhi na jioni kwa miaka 11. Dawa ile ilianzia kwa mbwa. Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best waliwatoa mbwa kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, ili wapate kisukari, kisha wakawadunga maji waliyoyakamua kutoka makongosho ya mbwa wengine. Wengi walikufa. Mmoja, waliyemwita Marjorie, aliishi kama siku 70 bila kongosho. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa mitupu, akadungwa dawa hiyo. Akaishi miaka mingine 13.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba majaribio yote ya wanyama ni ukatili usio na faida. Nikisema hivyo nitakuwa nimeikana sindano iliyomlea mama yangu. Ila siwezi pia kukubaliana na wale ambao kila wakiulizwa swali gumu hukimbilia kumtaja Marjorie, kana kwamba mbwa mmoja wa zamani aliwawekea saini panya wote wa leo.

Hoja za kutetea majaribio haya ni nzito, na wanaoyapinga wasizipite juu juu. Mwaka 1937 huko Marekani iliuzwa dawa ya salfa ya maji ambayo haikupimwa sumu kabla ya kufika madukani. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto, na sheria ya dawa ya 1938 ikazaliwa kwenye msiba huo. Miaka tisa baadaye, baada ya kesi ya madaktari wa Kinazi waliowatumia wafungwa kama vifaa, kanuni za Nuremberg zilisema jaribio kwa binadamu litanguliwe na jaribio kwa mnyama. Kanuni hiyo iliandikwa kuwalinda binadamu wasio na wa kuwatetea. Naiheshimu.

Lakini ulinzi huo una matundu. Mwaka 2006, London, wanaume sita waliojitolea walipewa dawa mpya kwa dozi ndogo mara 500 kuliko ile iliyoonekana salama kwa kima. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa mahututi. Walinusurika, lakini tangu nisome habari ile sijaweza tena kusikia maneno "imethibitishwa kwa wanyama" nikatulia.

Kinachoniuma zaidi, hata hivyo, hakizungumzwi sana. Tunabishana kama mnyama anaweza kuteswa kwa ajili ya dawa, huku tukidhani kwamba kila anayeteswa huwa analeta jibu. Si kweli. Mwaka 2009 wataalamu nchini Uingereza walipitia ripoti 271 za tafiti zilizotumia panya na nyani. Asilimia 87 hazikuonyesha kwamba wanyama waligawanywa kwenye makundi kwa kura. Asilimia 86 hazikuonyesha kwamba aliyepima matokeo alifichwa asijue ni mnyama yupi aliyepewa dawa. Hayo ni mambo ya msingi kabisa. Mtafiti anayechagua kwa mkono wake panya wa kumpa dawa, kisha akapima kwa macho yake mwenyewe huku akitamani dawa ifanye kazi, ataona anachotaka kuona. Panya atakuwa amepasuliwa, ameumwa na kuuawa, na hakuna lolote lililojulikana.

Kiharusi ndicho mfano unaonikera. Mwaka 2006 watafiti walihesabu tiba 1,026 zilizokuwa zimejaribiwa dhidi yake. Zilizofika hospitalini zikawafaa wagonjwa zinahesabika kwa vidole. Na tafiti ambazo dawa ilishindwa mara nyingi hazichapishwi, kwa sababu majarida hupenda habari njema. Matokeo yake hulala kwenye droo, na mtafiti mwingine, kwenye maabara nyingine, huanza upya na panya wengine kuuliza swali lililokwishajibiwa. Wanyama hao wanakufa mara mbili kwa ajili ya jibu moja. Kama kuna dhambi katika jambo hili, mimi naiona hapo kuliko hata kwenye kisu chenyewe.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mnyama hatuwezi kumlipa, lakini tunaweza kuacha kumtapanya. Na anayedhani huruma hudhoofisha sayansi aangalie jinsi panya wanavyoshikwa. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba panya wanaobebwa kwa kuingia wenyewe kwenye bomba, au kukalishwa kwenye viganja, huwa na hofu ndogo zaidi kuliko wanaoinuliwa kwa mkia. Panya mwenye hofu mwili wake hubadilika, na vipimo vyake navyo hubadilika. Bomba la plastiki tu! Nani angekataa?

Pale ambapo mnyama hahitajiki tena, aachwe kabisa. Insulini yenyewe ilikamuliwa kwa miongo mingi kutoka kwa ng'ombe na nguruwe waliochinjwa, hadi ilipoidhinishwa mwaka 1982 ile inayotengenezwa na bakteria. Marekani nayo, mwishoni mwa 2022, iliondoa kwenye sheria yake sharti kwamba kila dawa lazima ipitie kwa wanyama kabla ya binadamu. Sasa chembe hai za binadamu zinazooteshwa maabara na mifumo ya kompyuta vinaweza kutumika kama ushahidi. Lakini kwa magonjwa mengi, hasa yanayogusa mwili mzima kwa pamoja, bado hatujafika huko, na sitajifanya tumefika.

Kwa majaribio yatakayobaki, nataka jambo moja lifanywe kabla panya wa kwanza hajaguswa: utafiti uandikwe kwenye daftari la wazi, pamoja na swali lake, idadi ya wanyama na namna watakavyogawanywa, kisha matokeo yawekwe hapo hapo, mazuri au mabaya. Ujerumani ilifungua daftari la namna hiyo mwaka 2019, ila kujiandikisha ni kwa hiari. Liwe sharti, kila mahali, na kamati ya maadili isipitishe ombi, wala mfadhili asitoe hata senti, mpaka namba ya daftari ionekane kwenye fomu.